Jina Jipya na Haki ya Wazazi

Vijana wetu hupenda senema za wachezaji mashuhuri, na wazee wengi huchukizwa nazo. Lakini iko moja yenye mafunzo kwa mzee na kijana pia. Ilitolewa Marekani mwaka 2015 na HBO, nayo yaitwa Kareem: Minority of One. Yasimulia maisha ya Kareem Abdul-Jabbar, mcheza mpira wa kikapu.

Alizaliwa New York mwaka 1947, akaitwa Lew Alcindor, akalelewa Kikatoliki. Urefu wake ni futi 7 na inchi 2. Alipokuwa akichezea chuo kikuu cha UCLA, mwaka 1967 wakuu wa mchezo wa vyuo walipiga marufuku kuushindilia mpira kikapuni kutoka juu, na wengi walisema aliyekusudiwa ni yeye. Hakuvunjika moyo. Alizidi kuufanyia mazoezi mtupo wake wa mkono mmoja, ulioupitisha mpira juu ya vichwa vya watu, hata ikawa shida kumzuia. Katika ligi ya NBA alitwaa ubingwa mara 6 na kupata pointi 38,387, hesabu isiyopitwa hadi mwaka 2023.

Lakini tusikome kwenye mpira. Mwaka 1968 alisilimu, na mwaka 1971 akatangaza jina lake jipya. Alcindor lilikuwa jina la Mfaransa mwenye shamba katika visiwa vya West Indies, aliyewamiliki mababu zake. Kuliacha jina la namna hiyo ni jambo la heshima.

Hata hivyo wazazi wake hawakupendezwa na kusilimu kwake. Alipooa, mwaka huo huo wa 1971, mwalimu wake wa dini alimshauri asiwaalike harusini, naye akafuata. Kareem mwenyewe ameandika kwamba hilo lilikuwa kosa, na kwamba kulitengeneza kulimchukua zaidi ya miaka kumi.

Ndugu wasomaji, Sura Luqman, aya ya 15, yatuamuru tusiwatii wazazi wakitushurutisha tumshirikishe Mwenyezi Mungu, na papo hapo yatuamuru tukae nao kwa wema duniani. Bibi Asmaa binti Abubakar alimwuliza Mtume (S.A.W.) habari za mama yake, aliyekuwa bado mshirikina, naye akamwamrisha amuunge. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mama mshirikina, itakuwaje haki ya mzazi aliye katika Ahlul-Kitabu?

Kareem aliachana na mwalimu yule, na mwaka 1973 alisafiri Libya na Saudi Arabia kujifunza Kiarabu, apate kuisoma Qurani mwenyewe. Elimu ndiyo iliyomwongoza.

Basi sisi walimu tuyapime maneno yetu, maana mwanafunzi huyachukua kuwa ndiyo dini. Kijana wa nyumba ya Kikristo akisilimu mikononi mwetu, tumfundishe shahada na sala, kisha tumwambie arudi nyumbani akamwamkie mama yake.

Wabillahi tawfiq.