Kauli za Wahusika katika Hadithi Fupi

Kila mwaka nisahihishapo hadithi fupi za wanafunzi, hukutana na ajuza mmoja. Mara ni wa Lamu, mara ni wa Machakos, hajui kusoma wala kuandika, lakini afunguapo kinywa husema kama mtahini: "Mjukuu wangu, elimu ni muhimu katika maendeleo ya taifa." Msimulizi naye husema vivyo hivyo, na mwizi pia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kasoro hiyo yatoka wapi, na mwandishi aitafutie wapi dawa.

Chanzo kimoja ni historia. Kiunguja kilipochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, lililotafutwa lilikuwa usahihi wa maandishi, hasa ya vitabu vya shule. Hatukufundishwa kutenga sarufi ya msimulizi na kinywa cha mhusika. Chanzo cha pili ni jinsi tulivyomsoma Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951), Karama husimama barazani akasimulia kwa kirefu safari za wajumbe sita. Hotuba hizo zina mahali pake, kwa kuwa Karama ni mshtakiwa anayejitetea. Wengi wetu tuliomwiga tuliichukua hotuba tukaiacha mahakama.

Tutazame mfano. Kijana amekwenda kwa mjomba wake kutaka mkopo.

"Mjomba, nimekuja unikopeshe fedha kwa sababu mke wangu ni mgonjwa."

"Sitakukopesha, kwa kuwa mwaka jana nilikukopesha ununue mbuzi nawe hukunilipa."

Habari zote zimo, lakini watu hawamo. Na tuyasikie tena mazungumzo hayo:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wazima huko?"

"Wazima. Mwanaisha tu, homa kidogo."

"Homa za msimu. Na yule mbuzi, keshazaa?"

"Tulimuuza, mjomba."

"Ahaa. Haya, karibu chai."

Mkopo haukutajwa wala deni halikutajwa, na kijana amekwisha kunyimwa. Anajua, na msomaji anajua. Mjomba hakumvunjia heshima mpwawe, amempa chai. Utu wake na ubahili wake vimekaa katika kikombe kimoja.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwalimu wangu alinishauri nizifute salamu katika hadithi zangu, akisema hazisogezi kisa. Huenda kwa Kiingereza alikuwa na haki. Kwa Kiswahili, salamu ndiyo mizani ya kwanza: nani kaanza, nani kachelewa kuitika, nani kaamkiwa "shikamoo" akajibu "hujambo" kwa kusudi. Yafaa kufutwa ile salamu tu ambayo haipimi kitu.

Majina ya kuitana nayo yastahili kuangaliwa kuliko yanavyoangaliwa. Katika nyumba nyingi za pwani mke hamwiti mumewe kwa jina. Humwita "baba Asha", au akimtaja kwa watu husema "mwenyewe hayupo". Mwandishi aliyeishika desturi hiyo kwa kurasa kumi, kisha katika ukurasa wa kumi na moja akamfanya mke aite "Salimu!" mbele ya wageni, hana haja ya kuongeza "alisema kwa hasira". Ngeli pia zina kazi hii. Tofauti ya "yule mzee" na "kile kizee" ni ugomvi mzima, nao umeelezwa kwa herufi chache.

Limebaki suala la lahaja, na hapa nakiri kosa langu. Hadithi yangu ya kwanza niliijaza Kimvita hata wasomaji wa bara wakashindwa kuifuata. Mhariri mmoja, alipomsikia mvuvi wangu akimwita mwanawe "ndoo hapa", alidhani anataka ndoo ya maji, akaongeza kitenzi ili sentensi ikamilike. Nilikasirika mno. Baadaye niliiona zamu yangu ya lawama: nilikuwa nimenakili matamshi yote ya mvuvi bila kuchagua. Sasa humwachia "ndoo" na "mato" mapema, penye muktadha ulio wazi, kisha humwacha aseme Kiswahili cha kila mtu, kwa mwendo wake wa kukatakata maneno. Wasomaji wa Mombasa huniambia wanamsikia Kimvita hadi mwisho.