Kazi ya Kutafuta Vipaji vya Mpira, na Wanaokuja Kudai Nauli



Wazazi kadhaa wamefika ofisini kuuliza juu ya watu wanaojiita mawakala wa mpira, wanaoahidi kuwapeleka watoto Ulaya. Vijana wengine nao wanauliza jinsi ya kuifanya kazi hiyo wao wenyewe. Maswali haya tunayajibu pamoja, maana anayejua kazi ya kweli inavyofanyika si rahisi kumdanganya.

Kuna watu wawili tofauti hapa. Mtafuta vipaji, ambaye wengi humwita skauti, hutazama wachezaji kwa niaba ya klabu na kuiandikia taarifa. Hahitaji leseni ya FIFA, wala yeye siye anayeamua nani asajiliwe. Wakala ni yule anayemwakilisha mchezaji au klabu katika mazungumzo ya mkataba. Tangu Oktoba 2023 wakala wa uhamisho wa nchi hadi nchi ni lazima awe na leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa kufaulu mtihani. FIFA hutangaza majina ya wenye leseni, kwa hiyo mtu akikuambia ni wakala, jina lake linaweza kutafutwa.

Sasa jambo kubwa. Sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Kuna ruhusa chache, kwa mfano wazazi wake wakihamia huko kwa sababu zisizohusu mpira, au mtoto akiwa amekimbia nchi yake bila wazazi. Hata hizo huombwa kupitia shirikisho la mpira la nchi inayompokea, siyo kwa mtu binafsi mwenye mkoba.

Mtazameni Nestory Irankunda. Alizaliwa mkoani Kigoma, Tanzania, Februari 2006, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Burundi. Familia nzima ilihamia Australia yeye akiwa mtoto mchanga, akakulia huko na kuchezea Adelaide United. Bayern Munich ya Ujerumani ilikubaliana na klabu yake Novemba 2023, lakini alijiunga nayo Julai 2024, akiwa ameshatimiza miaka 18. Alphonso Davies alizaliwa mwaka 2000 katika kambi ya Buduburam nchini Ghana, wazazi wake wakiwa Waliberia, akahamia Kanada na familia yake. Bayern hiyo hiyo ilimnunua Julai 2018 akiwa na miaka 17, akaenda Januari 2019. Klabu tajiri kama ile ilisubiri. Basi huyo anayesema atamsafirisha mwanao wa miaka 15 wiki ijayo, ukimpa nauli na pesa ya viza, anatumia sheria gani? Tena wote wawili walitoka kambini pamoja na familia zao, na walionwa na watafuta vipaji kule walikokuwa wakiishi na kucheza.

Kwa kijana anayetaka kazi hii: usitegemee mshahara mwanzoni. Katika nchi zetu klabu chache humwajiri skauti, na mara nyingi kazi hufanywa na makocha na rafiki zao. Lakini kuanza ni bure. Nunua daftari. Chagua mchezaji mmoja na umtazame mechi tatu au nne, mojawapo timu yake ikiwa inafungwa, maana ndipo tabia huonekana. Usifuate mpira kwa macho, mfuate yeye. Akipoteza mpira anarudi kukaba au anasimama na kulalamika? Kabla hajapokea pasi, anageuza kichwa kutazama nyuma? Mguu wa pili anautumia? Andika tarehe, timu pinzani, namba anayocheza na hali ya uwanja. Andika ulichokiona, kama “alipokonywa mpira mara tano akiwa peke yake”, wala si “ni mzuri sana”. Mtu wa klabu akisoma kurasa ishirini za namna hiyo atakuamini kuliko anayesifia kila mtoto wa mtaani kwake.

Umri nao uandikwe wa kweli. Wapo wanaowashauri wazazi kupunguza miaka ya mtoto. Tarehe mbili tofauti zinaweza kuliletea matatizo faili la familia nzima, na hasara hiyo wakala haimhusu.

Makocha, sajilini timu na wachezaji katika chama cha mpira mnapokubaliwa. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa ada ya dola 100,000, klabu iliyomlea mwaka mmoja akiwa na miaka 13 hupata dola 250. Timu isiyosajiliwa haina inachoweza kudai.

Mtu akija kuwaita watoto kwenye majaribio nje ya kambi, mwombeni jina kamili, namba ya leseni na barua ya klabu yenye anwani. Msimpe pesa, picha za pasipoti wala kadi ya familia. Mtoto asitoke bila kibali na bila mzazi au mlezi. Barua hiyo ileteni kwa afisa wa huduma za jamii ili klabu iulizwe. Ambao watoto wao wameshaondoka na mtu wa namna hii, tafadhali njooni leo. Hamtaadhibiwa kwa kutoa taarifa.