Chanjo ya Mafua na Chanjo ya Kichomi: Maelezo kwa Wazazi

Wazazi na walezi wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga, pamoja na ndugu zao wa Pemba wavukao bahari kuwatembelea, huuliza kama mtoto mdogo huchanjwa mafua. Wengine wamewaona jamaa zao wakidungwa sindano hiyo kabla ya safari ya Hija, wakashangaa kwa nini watoto hawapewi. Swali hili lastahili kufafanuliwa, kwani asiyelielewa huweza kumkatishia mwanawe chanjo iliyo muhimu zaidi.

Chanjo ya mafua makali, yaani influenza, ipo, nayo huweza kutolewa kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Aliye chini ya miaka 9 akichanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, zikipishana kwa wiki 4 au zaidi. Kisha hurudiwa kila mwaka, kwa kuwa virusi vyake hubadilika. Sindano hiyo haileti mafua, maana virusi vilivyomo vimekwisha kuuawa. Hata hivyo, haimo katika ratiba ya chanjo zitolewazo bila malipo kwa watoto wote wa Tanzania. Mzazi aitakaye amwone daktari kwanza, kisha ainunue pale ipatikanapo.

Zilizomo katika ratiba ni chanjo za kuzuia kichomi. Moja ni ya kijidudu kiitwacho Hib, nayo imo ndani ya sindano ya pamoja ya maradhi matano iliyoanza kutumika nchini mwaka 2009. Nyingine ni ya kijidudu cha pneumokokasi, iliyoanza mwaka 2013. Zote mbili hutolewa bure mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Utata umeletwa kwa sehemu na jina. Jina kamili la Hib ni Haemophilus influenzae aina ya b, na neno hilo la mafua lilitokana na kosa la wataalamu. Mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alidhani kwamba kijidudu cha jamii hiyo ndicho kiletacho mafua makali. Kirusi chenyewe kilitambuliwa kwa binadamu mwaka 1933 mjini London. Kosa likasahihishwa, jina likabaki. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake amepata mafua baada ya sindano ya pili asidhani kwamba chanjo haifai, akaacha ya tatu. Chanjo hizo humkinga mtoto na kichomi na homa ya uti wa mgongo, wala hazizuii kamasi.

Je, mtoto mwenye mafua achanjwe? Naam. Kamasi na kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Aliye mgonjwa sana ndiye atibiwe kwanza. Homa ndogo baada ya sindano ni jambo la kawaida na hupungua kwa siku moja au mbili. Mtoto asipewe aspirini.

Mtoto mwenye kikohozi anayeshindwa kunyonya, au ambaye kifua chake hubonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya mara moja. Vivyo hivyo kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 apumuaye mara 50 au zaidi kwa dakika.

Wanaosafiri baina ya Tanga na Pemba wachukue kadi ya kliniki ya mtoto, ili muuguzi wa huko aone ni dozi ipi iliyobaki.