New Orleans: waliogopa maji, wakauawa na joto

Wakaaji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, wanasoma ramani ya kimbunga kama mkulima anavyosoma mawingu. Alhamisi tarehe 26 mwezi wa nane mwaka wa 2021, ramani ilionyesha kimbunga kipya karibu na Jamaica. Kilipewa jina la Ida. Kilitazamiwa kufika jumapili tarehe 29, siku ileile ambayo Katrina ilipiga mwaka wa 2005.

Hakuna aliyesahau tarehe hiyo. Wakati wa Katrina kuta za kuzuia maji zilibomoka, karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na watu zaidi ya elfu moja wakafa. Mji huo umekaa kama beseni kati ya mto Mississippi na ziwa Pontchartrain, na sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari. Hata mvua ya kawaida haitoki yenyewe, lazima ivutwe na pampu.

Ijumaa, meya LaToya Cantrell alitangaza kwamba wakati wa kulazimisha mji mzima kuhama haupo tena. Kugeuza njia zote za barabara kuu zielekee nje ya mji kunaomba karibu masaa 72, na Ida ilikuwa inapata nguvu haraka mno. Basi kila jamaa ikabaki na hesabu yake. Mwenye gari na pesa za hoteli aliondoka, akakwama kwenye msongamano. Asiye navyo alijaza maji kwenye ndoo, akangoja. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi mfuko ni mtupu hata Marekani.

Sisi wa Kivu, ambako mto unashuka mlimani usiku bila kuaga, tunaweza kusema kwamba siku tatu za kuonywa ni bahati kubwa. Ndiyo, kwa yule mwenye namna ya kuondoka.

Jumapili Ida iliingia nchi kavu kupitia Port Fourchon, na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Kwa masaa machache Mississippi ilitiririka kurudi nyuma. Macho yote yalikuwa kwenye kuta, zilizojengwa upya baada ya Katrina kwa dola zaidi ya miliari 14. Zilisimama. Lakini huko LaPlace, upande wa magharibi, nje ya kuta hizo, watu walikimbilia darini.

Jioni umeme ukakatika mji mzima, na mnara mmoja mkubwa wa nyaya ukaanguka kando ya mto. Kisha likaja joto. Mashine za kupoza hewa zilinyamaza, lifti zikasimama, dawa zikaharibika ndani ya friji. Wengi wa waliokufa New Orleans waliuawa na joto hilo, wazee wakiwa peke yao vyumbani, siku kadhaa baada ya mbingu kutakata.

Tangu hapo, makanisa na vikundi vya mitaa vimeanza kuweka paneli za jua na batri kubwa, ili umeme ukikatika jirani apate pa kuchaji simu, kuhifadhi dawa yake na kukaa penye ubaridi.