Je, Wajua? Mkereza na Mihimili Mitano

Mwaka 1952, huko Massachusetts, Marekani, chuo cha MIT kilidhihirisha mashine ya kuchonga chuma iliyoamrishwa kwa tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi; na Nairobi, mwaka 1994, kilianzishwa kiwanda cha Numerical Machining Complex, kilichorithi mradi wa gari la Kenya lililoitwa Nyayo. Mkereza wa Busia au Malaba, aliyezoea kufufua shafti za malori yaelekeayo Uganda, akitaka ilimu ya mashine ya namna hiyo yenye mihimili mitano, mitatu ya kunyooka na miwili ya kuzunguka, taabu yake haitakuwa chuma, ambacho sikio lake (naam, sikio!) laujua mlio wake, bali hesabu: kwani meza ya mashine ikiinama, sifuri ya kazi, yaani nukta ambapo vipimo vyote huanzia, nayo huhama, na programu sharti iifuate, la sivyo kisu kitaigonga meza yenyewe.