Chunusi za ujanani na subira ya miezi mitatu

Chunusi ni miongoni mwa maradhi ya ngozi yanayowapata vijana wengi zaidi duniani. Chama cha madaktari wa ngozi nchini Marekani kinakadiria kwamba takriban asilimia 85 ya watu wenye umri wa kati ya miaka 12 na 24 hupatwa nazo, angalau kwa kiwango kidogo. Kwa sababu hiyo wazazi wengi huziona kuwa ni jambo la kupita, na humwambia kijana asubiri mpaka akue. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haimsaidii mtoto wa miaka 14 ambaye kesho asubuhi lazima aingie darasani na uso wake ule ule. Isitoshe, kijana anayeambiwa asubiri mara nyingi hasubiri. Hujitafutia tiba mwenyewe, na tiba iliyo rahisi kuipata mara nyingi ndiyo yenye madhara makubwa.

Msikilizaji aliyekulia pwani anafahamu kwamba chunusi ni jina pia la jini wa baharini, anayesemekana kuwavuta waogeaji na kuwazamisha. Chunusi za usoni hazina siri ya namna hiyo. Wakati wa balehe, mwili wa mvulana na wa msichana huzalisha kwa wingi homoni za jamii ya androjeni. Homoni hizo huzichochea tezi za mafuta zilizomo ndani ya ngozi, hasa usoni, kifuani na mgongoni. Wakati huo huo chembe za ngozi zilizokufa hushikamana kwenye mlango wa kitundu cha unywele na kuuziba. Bakteria ambao huishi kwenye ngozi ya kila mtu hupata mahali pa kustawi, mwili nao hujibu kwa uvimbe, maumivu na usaha. Hata kile kidoto cheusi kinachoonekana puani si uchafu. Ni mafuta na chembe za ngozi zilizobadilika rangi baada ya kukutana na hewa.

Kutokana na maelezo hayo, lawama nyingi anazotupiwa kijana nyumbani zinakosa msingi. Hana chunusi kwa sababu haogi. Kuusugua uso kwa dodoki na sabuni kali huichubua ngozi na kuzidisha uvimbe. Kunawa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu kunatosha. Wala chunusi si dalili ya damu chafu, au ya ashiki zitakazotulia baada ya ndoa. Imani hii ya mwisho humfanya msichana aone kwamba uso wake unatangaza jambo ambalo hakulitenda wala kulifikiria. Kuhusu chakula, uchunguzi uliofanywa unaashiria kwamba vyakula vyenye sukari nyingi, na pengine maziwa, huweza kuchangia kwa baadhi ya watu. Karanga na vyakula vya kukaanga, ambavyo hulaumiwa sana Afrika Mashariki, havina ushahidi mzito dhidi yao. Kitu kinachostahili kuangaliwa zaidi ni mafuta ya nywele. Mafuta mazito yanayoteremka kutoka kichwani huziba vitundu vya ngozi, na vipele hujipanga kwenye paji la uso na kandokando ya nywele.

Dawa zenye manufaa zipo, na baadhi si ghali. Ya kwanza ni benzoili peroksaidi, inayouzwa katika maduka ya dawa ya nchi nyingi bila cheti cha daktari. Nguvu ya asilimia 2.5 au 5 hutosha kwa kuanzia. Mzazi ajue mapema kwamba dawa hii huondoa rangi kwenye nguo. Foronya, taulo na mtandio wa msichana vitatoka mabaka, na heri kutumia vitambaa vyeupe kuliko kumgombeza mtoto baadaye. Ya pili ni adapalini, jeli ya kupaka usiku inayozuia vitundu visizibe. Nchini Marekani yenye nguvu ya asilimia 0.1 imeruhusiwa kuuzwa bila cheti tangu mwaka 2016, ilhali Uingereza bado inahitaji cheti. Kiasi cha punje moja ya njegere hupakwa uso mzima, si juu ya kipele kimoja kimoja, kwani kazi yake ni kuzuia vipele ambavyo bado havijaonekana. Msichana mjamzito hapaswi kuitumia.

Hapa ndipo vijana wengi hushindwa. Katika wiki za mwanzo ngozi hukauka, huwasha na kubanduka, na pengine chunusi huonekana kama zimeongezeka. Nafuu ya wazi huchukua wiki sita hadi nane, na mwongozo wa matibabu uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2021 unapendekeza dawa itumiwe kwa wiki 12 kabla ya kuamua kama imefaa au la. Kwa kijana, wiki 12 ni karibu muhula mzima wa shule. Anapofika wiki ya tatu bila kuona tofauti huitupa jeli na kutafuta kitu cha haraka.

Na cha haraka kipo. Katika maduka ya vipodozi ya miji ya Ulaya, kama ilivyo Afrika Mashariki na Ghuba, zimekuwa zikiuzwa krimu zinazoahidi uso laini kwa siku chache. Baadhi zina steroidi kali, nyingine haidrokwinoni au zebaki, na wengine huzichanganya wenyewe na kupata kile Watanzania wanachokiita mkorogo. Steroidi hutuliza uvimbe, kwa hiyo katika wiki ya kwanza kijana huamini amepona. Baada ya hapo ngozi huwa nyembamba, chunusi za aina nyingine hufumka, na kila akijaribu kuacha uso huwaka na kuvimba. Rwanda ilianza kuziondoa madukani krimu za kuchubua ngozi mwishoni mwa mwaka 2018, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha vipodozi vyenye zebaki ifikapo mwaka 2025. Makubaliano ni kitu kimoja na rafu za madukani ni kitu kingine.

Wenye ngozi nyeusi wana sababu ya ziada ya kushawishika. Kipele kikipona huacha doa jeusi ambalo huweza kukaa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, na mara nyingi doa ndilo linalomkera kijana kuliko kipele chenyewe. Madoa hayo si makovu. Hufifia yenyewe iwapo vipele vipya vitazuiwa, ngozi haitaminywa wala kutumbuliwa, na uso utakingwa na jua.

Kwa hiyo msaada mkubwa wa mzazi ni kumshika mkono kijana katika miezi hiyo mitatu. Ampatie dawa kabla hajaitafuta mwenyewe. Ngozi ikikauka sana, amshauri apake usiku mmoja na kupumzika usiku unaofuata, badala ya kuacha kabisa. Picha inayopigwa mara moja kwa mwezi, mahali pale pale, huonyesha mabadiliko ambayo kioo cha kila asubuhi hakiyaonyeshi, mradi kijana mwenyewe ameridhia. Na mzazi awazuie jamaa. Katika familia zilizotawanyika kati ya Mombasa, Muscat na London, salamu ya kwanza ya shangazi kwenye simu ya picha huwa ni: “Mwanangu, uso umefanyaje?” Shangazi anauliza kwa mapenzi, lakini safari ijayo mtoto hataki kuitwa kwenye simu.

Vinundu vigumu vyenye maumivu chini ya ngozi, au makovu ya mashimo, havifai kusubiri wiki 12. Aonwe daktari mara moja. Vivyo hivyo msichana ambaye hedhi yake haina mpangilio na ameanza kuota nywele kidevuni, kwani huenda homoni zake zikahitaji kuchunguzwa. Daktari anaweza kutoa antibiotiki za kumeza, ambazo hutumiwa kwa muda maalumu pamoja na dawa ya kupaka, ili bakteria wasijenge usugu. Kwa chunusi kali zaidi kuna isotretinoini, dawa yenye nguvu kubwa ambayo humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na ambayo mgonjwa anayeitumia hufuatiliwa pia hali yake ya moyo na fikra. Mwezi Oktoba 2023, Uingereza iliweka sharti kwamba kijana wa chini ya miaka 18 asianzishiwe dawa hiyo mpaka wataalamu wawili wakubaliane. Kuinunua kupitia intaneti ni hatari isiyo na kisingizio.

Kijana anayekataa kwenda shule, anayejifungia chumbani au kusema kwamba hataki kuishi apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama vipele vyake vinahesabika.