REDIO YA MBAO YA BABU: SOMA NAMBA YA VALVU KABLA HUJATAJA BEI



Leo tuongee kuhusu valvu. Ni zile chupa ndogo za kioo zilizo ndani ya redio kubwa za mbao, makabati ya kuchezea santuri na amplifaya za zamani. Zilifanya kazi ambayo baadaye ilichukuliwa na transista. Mimi nauza vitu vya kale mtandaoni nikiwa hapa Migato, na sijaona kitu kinachoharibiwa kwa kutojulikana kama hiki. Watu wa skrepa wanaitaka shaba ya transfoma tu, valvu zinapasuliwa na kutupwa. Kumbe pengine zilikuwa na thamani kuliko redio nzima.

NANI ANAZITAKA?
Wapiga gitaa na wapenzi wa muziki. Amplifaya za Marshall, Fender na Vox zilijipatia jina kwa sauti ya valvu. Mpya bado zinatengenezwa Urusi, China na Slovakia, lakini wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani wanazitafuta za zamani: Mullard ya Uingereza, Telefunken ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi.

Na huku kwetu zipo. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, kabla redio za transista hazijaenea. Aliyekuwa na redio miaka ile, awe mfanyabiashara wa pamba, misheni au mwalimu, alikuwa na redio ya valvu. Ulizia stoo za nyumba za zamani na kwa mafundi redio wazee.

ACHANA NA HADITHI YA ZEBAKI
Wapo wanaozunguka wakisema redio za zamani zina "zebaki nyekundu" ya mamilioni. Mwaka 2009 uvumi kama huo ulivuma Saudi Arabia kuhusu cherehani za Singer, watu wakanunua mashine kuukuu kwa bei za ajabu. Ni uongo. Lile doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia ndani ya valvu ya redio ya nyumbani ni madini ya bariamu. Kazi yake ni kunyonya hewa iliyobaki ndani. Ukiipasua hupati kitu, na umeua mali yako mwenyewe.

ANZA KUSOMA NAMBA
Namba ndiyo inayokupa bei. Valvu za Ulaya zinasomeka hivi:

1. Herufi ya kwanza ni umeme wa kuwashia. E ni volti 6.3. D ni volti 1.4, yaani redio ya betri.
2. Herufi zinazofuata ni kazi yake. L inasukuma spika. CC ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja, nyingi hutumika kukuza sauti ndogo. Z inageuza umeme wa ukutani uende upande mmoja.
3. Tarakimu ya kwanza ni aina ya miguu. 8 ni miguu tisa myembamba, 3 ni kitako kikubwa cha nafasi nane.

Kwa hiyo ukikuta ECC83, EL84 au EL34, tulia. Hizo ndizo za amplifaya. Wamarekani wana majina yao: ECC83 ni 12AX7, EL84 ni 6BQ5, EL34 ni 6CA7. Andika majina yote mawili kwenye tangazo, maana mteja anaweza kutafuta kwa jina lolote.

Ukikuta DK96, DF96, DAF96 na DL96, hiyo ni seti ya redio ya betri, iliyofaa sehemu zisizo na umeme kama vijijini kwetu. Mtu wa amplifaya haitaki. Usizichomoe, uza redio nzima kwa mkusanyaji wa redio.

Namba imefifia? Usioshe wala usisugue kwa kitambaa, wino utaondoka. Pumulia kioo pumzi ya moto, mara nyingi maandishi yanajitokeza kwa sekunde chache. Piga picha hapo hapo.

JINA LINAWEZA KUDANGANYA
Kuna watu wanachapa upya jina la Mullard juu ya valvu ya kawaida. Basi angalia alama ndogo za kijivu chini ya kioo. Kwa valvu za kundi la Philips na Mullard, mstari wa pili ukianza na B, imetoka kiwanda cha Blackburn, Uingereza. Pembetatu ni Heerlen, Uholanzi. Telefunken za miguu myembamba huwa na alama ya almasi kwenye kioo chenyewe, chini katikati ya miguu. Kama huioni alama, andika "jina lililochapwa ni hili" na usiape kwamba ni halisi.

NZIMA AU IMEKUFA?
Doa la fedha likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Imekufa, usiiuze kama nzima. Doa likiwa linang'aa, chukua mita upime waya wa kuwashia: mguu wa 4 na wa 5 kwa ECC83 na EL84, wa 2 na wa 7 kwa EL34. Mita ikisoma ohmu chache, waya haujakatika. Lakini hiyo haithibitishi kwamba valvu bado ina nguvu. Andika ukweli: "Waya mzima, nguvu haijapimwa." Mteja wa mbali anaweza kusamehe valvu iliyochoka kama ulimwambia mapema. Uongo hausamehewi, na maoni yake mabaya yatasomwa na kila anayekuja baada yake.

USALAMA
Usichomeke redio iliyokaa miaka mingi ili "kuonja kama inawaka". Kapasita zake zilizozeeka zinaweza kulipuka au kuunguza mashine. Na hata ikizimwa, ndani unaweza kubaki umeme wa volti zaidi ya 200. Mpe fundi afungue. Valvu ikitolewa, ishikwe chini ya kioo, itikiswe taratibu huku ikivutwa juu, isizungushwe.

BEI NA KUFUNGASHA
Usiangalie bei wanazoomba watu, angalia bei ambazo vitu viliuzwa. Kwenye eBay chuja vilivyokwisha kuuzwa, namba ile ile, kiwanda kile kile. Zinazofanana ziweke jozi, kwa sababu amplifaya nyingi hutumia mbili mbili. Kufungasha: kila valvu ndani ya kipande cha sponji ya godoro, kisha boksi ndani ya boksi. Miguu isiguse kitu kigumu.

LA MWISHO, KWA WAZEE WETU
Ukienda kununua kwa mzee au mama, mweleze unachokitafuta na kwa nini. Usimwambie ni uchafu halafu kesho mjukuu wake akaona picha kwenye simu. Kijijini habari zinatembea haraka kuliko bodaboda. Mimi huwa napatana kwa mgao: natoa kianzio, kikiuzwa namwonyesha ujumbe wa malipo na kummalizia fungu lake. Matokeo yake wazee wenyewe wananiita: "Njoo, kwa shemeji yangu kuna nyingine."

Kuna redio ya mbao nyumbani kwenu? Piga picha ya namba, doa na miguu ya valvu, uweke kwenye maoni tuisome pamoja. Bei tutaongea baada ya hapo.